James Peters: mweusi wa kwanza kuvaa jezi ya England, aliyeangushwa na rangi na ridhaa

Na Mwandishi Wetu

MCHEZO wa raga nchini Uingereza ulikaa kwa karne nzima ukijisifu kuwa ni mchezo wa ridhaa, yaani wa watu wanaocheza kwa mapenzi tu bila kulipwa hata senti. Lakini nyuma ya sifa hiyo kulikuwa na maswali mawili ambayo viongozi hawakupenda kuulizwa: nani ana uwezo wa kucheza bure, na nani anaruhusiwa kucheza? Maisha ya James Peters yanajibu yote mawili.

Peters alizaliwa mwaka 1879 huko Salford, kaskazini mwa England. Mama yake alikuwa Mwingereza na baba yake alitoka Jamaica. Baba huyo alifanya kazi ya kufuga simba katika sarakasi, na inasimuliwa kuwa aliuawa na simba hao hao. Mtoto naye akaingizwa katika sarakasi, akipanda farasi bila tandiko. Alipovunjika mkono akiwa na umri wa miaka kama 11, wenye sarakasi walimwacha nyuma.

Kijana huyo akalelewa katika vituo vya yatima jijini London. Huko ndiko alikojifunza kazi ya kupiga chapa na useremala, na huko ndiko kipaji chake kilikoonekana. Aliongoza wenzake katika michezo karibu yote.

Mwaka 1898 alihamia Bristol kutafuta kazi, akachezea klabu ya mtaa wa Knowle na baadaye Bristol yenyewe. Si wote waliofurahi. Wapo walionung'unika wazi wazi kwamba mtu mweusi anachukua nafasi ya mzungu. Mwaka 1902 akahamia Plymouth, akaajiriwa seremala katika gati la jeshi la majini la Devonport, na jioni akawa mchezaji wa klabu ya Plymouth na timu ya jimbo la Devon. Kazi yake uwanjani ilikuwa kupokea mpira na kuamua upigwe au ukimbizwe. Mwaka 1906 Devon ikatwaa ubingwa wa majimbo.

Hapo wateuzi hawakuweza tena kufumba macho. Machi 17, 1906, Peters aliichezea England dhidi ya Scotland mjini Edinburgh, na England ikashinda 9-3. Siku chache baadaye walikwenda Paris na kuifunga Ufaransa 35-8, na yeye akafunga trai. Hata hivyo baadhi ya magazeti yalijadili rangi yake kuliko mchezo wake.

Mtihani mkubwa ulikuja Oktoba mwaka huo huo. Timu ya Afrika Kusini ilikuwa ziarani, na ilipangiwa kucheza na Devon. Wageni walipomwona Peters walikataa kuingia uwanjani, wakati maelfu ya watazamaji wakisubiri. Ilibidi wabembelezwe ndipo mechi ikachezwa. Ubaguzi huo ulikuwepo zaidi ya miaka 40 kabla ya apartheid kuwa sera ya serikali.

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Chanda hiki kilinyimwa. Desemba 8, 1906, England ilipokutana na Afrika Kusini katika uwanja wa Crystal Palace, jina la Peters halikuwemo. Mechi ikaisha 3-3. Wageni walipoondoka, mwaka 1907 Peters akaitwa tena! Msomaji apime mwenyewe. Alicheza mechi yake ya tano na ya mwisho dhidi ya Wales mwaka 1908.

Mwaka 1910 alipoteza vidole vitatu katika ajali kazini, lakini akaendelea kucheza. Kilichomtoa si jeraha, bali kanuni. Mwaka 1912 chama cha raga kiliwafungia wachezaji na klabu za Devon kwa kosa la malipo, na Peters alikuwa miongoni mwao.

Suala hilo hilo la malipo ndilo lililoigawa raga mwaka 1895, klabu za kaskazini zilipotaka kuwafidia wafanyakazi mshahara wanaoukosa siku ya mechi. Mtoto wa tajiri hakuhitaji fidia hiyo. Seremala aliihitaji. Peters akaenda huko huko kaskazini, akazichezea Barrow na St Helens zilizokuwa zikilipa wachezaji, kisha akastaafu na kurudi Plymouth. Alifariki mwaka 1954.

England ilikaa miaka 80 bila kuteua mweusi mwingine, hadi Chris Oti mwaka 1988. Na mwaka 1995 raga hiyo hiyo iliyomfungia seremala ikaruhusu rasmi malipo. Leo vijana weusi wanaivaa jezi hiyo nyeupe na kulipwa vizuri, na hakuna anayeshangaa. Wengi wao wamezaliwa na wahamiaji kama sisi. Ni vyema wakajua kwamba njia hiyo ilifunguliwa na yatima wa sarakasi.