Thomas Hawksley, Adui wa Maji ya Zamu

Ndugu wahariri wamenitaka niandike juu ya mtu mashuhuri wa fani yangu. Wenzangu mliokwenda udaktari na sheria mna majina tele. Sisi watu wa mabomba tunao wachache, na wa kwanza kwangu ni Thomas Hawksley.

Alizaliwa mwaka 1807 huko Arnold, karibu na Nottingham, Uingereza. Shule aliiacha akiwa na miaka 15, akawekwa chini ya msanifu majengo ajifunze kazi. Mengi alijisomea mwenyewe. Alikuwa kijana wa miaka 23 tu alipokabidhiwa mtambo wa maji kando ya mto Trent, uliokamilika mwaka 1831.

Siku zile miji mingi ya Uingereza ilipewa maji kwa zamu, saa chache, kisha bomba likafungwa. Nyumba ikishika moto, kwanza atafutwe mwenye ufunguo wa koki, aamshwe, afungue, ndipo bomba kuu lianze kujaa. Paa halingoji. Hawksley akaweka maji yenye msukumo mchana na usiku. Wapinzani walidai yatapotea bure. Yeye akaonyesha kwamba mabomba na koki zikiwa imara, upotevu ni mdogo. Ushahidi wake ulichapishwa mwaka 1844 na tume iliyochunguza afya ya miji.

Afya imeingiaje? Bomba lililojaa huvuja kwenda nje. Likiwa tupu hunyonya kilicho jirani, na jirani mara nyingi ni mtaro wa maji machafu. Basi bomba linalozima moto ndilo hilo hilo linalokinga matumbo yetu. Hapo ndipo penye kazi ngumu ya kupanga mtandao. Bomba la mtaa mdogo halipimwi kwa sufuria za jikoni, hupimwa kwa moto, maana mpira mmoja wa zimamoto hunywa maji ya nyumba nyingi. Likiwa jembamba, siku ya moto msukumo huanguka na uchafu huingia. Likiwa nene mno, maji hulala ndani mpaka klorini ikaisha nguvu. Ndiyo sababu tunapenda mabomba yazunguke na kukutana, koki ifikiwe kutoka pande mbili.

Nimewahi kufanya kazi katika mji wenye mgao (sitautaja) ambako koki za zimamoto zilipakwa rangi nyekundu nzuri sana, na siku tatu kwa juma hazikuwa na tone. Soko lilipoungua, gari la zimamoto lilikwenda kuchota mtoni.

Sheria ya kuiletea London maji ya kudumu ilipitishwa mwaka 1871, miaka 40 baada ya Nottingham. Mwaka uliofuata Hawksley akawa rais wa chama cha wahandisi wa Uingereza. Alifariki mwaka 1893 akiwa na miaka 86, kazi akamwachia mwanawe Charles, naye mhandisi wa maji.