Jacob Wainwright, Mtunza Amana

Reli ipitayo Ihumwa huendelea magharibi mpaka Tabora, kisha hufika Urambo. Huko Urambo ndiko alikofia Jacob Wainwright mwaka 1892.

Jacob alikuwa Myao. Alipokuwa mtoto alitiwa utumwani, akaokolewa na manowari ya Waingereza, akapelekwa Bara Hindi katika shule ya misioni ya Nasik. Huko alijifunza kusoma na kuandika. Mwaka 1872 alitumwa pamoja na wenzake kumfuata Dr. Livingstone, wakamkuta Unyanyembe, karibu na Tabora.

Tarehe 1 Mei 1873 Livingstone alifariki kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Pwani ilikuwa mbali sana, na vitu vyote vya marehemu vilikuwa mikononi mwa watu wake. Susi na Chuma, wakubwa wa msafara, waliwakusanya wenzao, wakafungua masanduku mbele ya wote. Jacob akaandika vitu hivyo katika kitabu kidogo, vikiwamo vyombo vya kupimia; wakatunza pia vitabu ambamo marehemu aliandika habari zake za kila siku. Hivyo hapana mtu aliyeweza kuiba asijulikane, wala mwaminifu hakuweza kusingiziwa.

Moyo wa marehemu ulizikwa chini ya mti. Jacob alisoma sala, akachonga jina lake na tarehe katika mti ule. Mwili waliukausha, wakauchukua.

Lakini si kila habari yafaa kutangazwa. Walipofika Kasekera, wenyeji hawakutaka maiti ipite. Ndipo wasafiri wakafunga mabua ya mtama mfano wa maiti, wakayapeleka kana kwamba wanarudi Unyanyembe kuzika. Mwili wenyewe waliufunga kama mtumba wa nguo, wakapita bila kumwaga damu.

Februari 1874 walifika Bagamoyo. Jacob alisafiri na mwili mpaka Uingereza, na tarehe 18 Aprili alikuwa miongoni mwa wachukuzi wa jeneza katika Westminster Abbey, London. Mwaka ule ule maandiko yale yalipigwa chapa.

Mtu akiisha kufa, hawezi tena kuzilinda habari zake. Hubaki kwa wenziwe kama amana. Jacob alijua lipi la kuandika mbele ya wote, na pamoja na wenzake alijua lipi la kuficha. Kwa ajili hiyo Livingstone alirudi kwao, na maneno yake hayakupotea njiani.