Sayyid Muhammad Abdille Hassan na Bomu Lililotoka Angani

Miongoni mwa mashujaa wa Afrika Mashariki waliopigana na wakoloni, ni wachache waliodumu vitani kama Sayyid Muhammad Abdille Hassan wa Somalia. Kuanzia mwaka 1899 hadi 1920 alizisumbua dola tatu: Uingereza, Italia na Ethiopia. Kwetu hapa Makenke, Mbarara, habari zake si za mbali. Wako askari wa Uganda waliokanyaga ardhi aliyoipigania, na katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, wanaishi Wasomali ambao kwao jina la Sayyid ni urithi. Leo tunayaeleza maisha yake kwa kuwa yana fundisho kubwa kwa kila askari wa jeshi na wa polisi kuhusu silaha iitwayo bomu.

Sayyid alizaliwa katikati ya karne ya 19, katika jamii ya wafugaji wa ngamia. Tangu ujana alisoma Kurani na elimu ya dini, akasafiri kutafuta walimu, kisha akaenda kuhiji Maka, ambako alijiunga na tarika ya Salihiya. Aliporejea Berbera mwaka 1895 alikuta bendera ya Uingereza ikipepea na wamisionari wakiwalea watoto wa Kisomali katika dini ya kigeni. Moyo wake ulichukia. Alihamia bara, akawakusanya wafuasi walioitwa madarwishi, na mwaka 1899 vita vikaanza. Waingereza walimpa jina la kejeli la mulla mwendawazimu. Ukweli ni kwamba alikuwa mtu mwenye akili nyingi, amiri wa vita na mshairi mkubwa, ambaye tungo zake zilisafiri jangwani kwa kasi kuliko barua za serikali. Alikuwa pia mkali, na Wasomali wengi waliokataa kumfuata waliuawa au kunyang'anywa mifugo yao.

Kati ya mwaka 1901 na 1904 Waingereza walipeleka misafara minne ya kijeshi kumwangamiza. Nguvu ya Sayyid ilikuwa mwendo. Madarwishi walipiga, wakatoweka, wakajitokeza mahali wasipotazamiwa. Tarehe 17 Aprili 1903, huko Gumburu, walikizingira kikosi cha Luteni Kanali Plunkett, ambamo walikuwamo askari wa King's African Rifles waliotoka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Kikosi hicho kiliuawa karibu chote. Lakini tarehe 10 Januari 1904, huko Jidbali, madarwishi walikutana na adui uwanjani ana kwa ana, na bunduki za rashasha zikawafyeka. Mwaka 1905 Sayyid alifanya mapatano na Waitalia, akapata nafasi ya kupumua. Vita viliporudi alikuwa na nguvu tena, na tarehe 9 Agosti 1913, huko Dul Madoba, madarwishi walimwua Richard Corfield, mkuu wa askari wa ngamia.

Baada ya hapo Sayyid alibadili mtindo wake wa vita. Alijenga ngome za mawe, na iliyo kuu ilikuwa Taleh, yenye minara mirefu na kuta nene ambazo mizinga midogo ya jangwani isingeweza kuzibomoa kwa urahisi. Vita Kuu ya Kwanza ilipowashughulisha Waingereza kwingine, ngome hizo zilionekana kuwa ulinzi usioshindika. Mtu wa mwendo akawa mtu wa makao.

Wakati huo huo, mbali na Taleh, bomu lilikuwa linapata umbo jipya. Asili yake ni ya kale. Wachina, waliovumbua baruti, walikuwa wakiijaza katika vyombo vya chuma na kuvirusha kwa adui katika karne ya 13. Ulaya nayo, kufikia karne ya 17, ilikuwa na askari maalumu wa kurusha mabomu ya mkono, na mizinga ilitupa makombora yenye baruti ndani yake. Mabomu hayo yote yalitupwa na mtu au mzinga uliokuwa chini, na ukuta mnene uliweza kuyazuia. Tarehe 1 Novemba 1911 jambo hilo lilibadilika, tena katika bara letu la Afrika. Luteni Giulio Gavotti wa Italia aliruka kwa ndege nchini Libya akadondosha kwa mkono mabomu manne madogo juu ya kambi za adui. Katika Vita Kuu iliyofuata, bomu la ndege lilikua kwa ukubwa na kwa idadi.

Mwanzoni mwa mwaka 1920 Waingereza walileta Somalia ndege 12 za aina ya DH.9. Zilifika Berbera kwa meli, zikaunganishwa, na tarehe 21 Januari zikaanza kushambulia Medishe, alikokuwa Sayyid. Inasimuliwa kwamba bomu moja liliwaua watu waliosimama karibu naye, yeye akanusurika. Taleh nayo ilishambuliwa. Ukuta uliojengwa kumzuia mtu anayekuja kwa miguu haukumfaa mtu aliye chini ya ndege, na mnara mrefu ulimwonyesha rubani mahali pa kulenga. Katika muda wa wiki tatu hivi dola ya madarwishi ilivunjika.

Hata hivyo, tusidhani kwamba ndege zilifanya kazi peke yao. Askari wa ngamia, askari wa King's African Rifles na wapiganaji wa Kisomali waliokuwa upande wa Uingereza ndio walioziteka ngome na kuwafukuza waliokimbia. Wala bomu halikumwua Sayyid. Alitorokea Ogaden, akafariki kwa maradhi mnamo Desemba 1920. Mashairi yake hayakuzikwa pamoja naye. Yanakaririwa hadi leo, na taifa la Somalia lilimjengea sanamu mjini Mogadishu.

Tangu Machi 2007 askari wa Uganda walipoingia Mogadishu kulinda amani, wamekutana na bomu katika maumbo mengine: limefukiwa barabarani, limefungwa mwilini mwa mtu, limepakiwa katika gari. Tarehe 11 Julai 2010 bomu la namna hiyo liliwafuata raia hapa hapa Kampala, na zaidi ya watu 70 wakapoteza maisha. Tarehe 26 Mei 2023, huko Buulo Mareer, adui aliivamia kambi yetu kwa magari yaliyojaa baruti, na Rais alitangaza kwamba askari 54 walikufa. Tunawakumbuka kwa heshima.

Fundisho la Sayyid ni hili. Hakushindwa kwa kukosa ushujaa. Alishindwa kwa sababu aliutegemea ukuta uliofaa kwa silaha za jana. Askari aliyeko lindoni, polisi aliyeko kizuizini na kamanda anayechagua mahali pa kambi, kila mmoja ajiulize kila siku: kinga niliyo nayo inazuia bomu lipi, na adui ameshatengeneza lipi jingine? Anayejiuliza hivyo ataihamisha kambi mapema, atabadili njia ya doria, atalikagua gari hata kama analijua. Asiyejiuliza anajenga Taleh yake.