Maisha ya Bibi Eglantyne Jebb, Aliyewaombea Watoto Ulimwenguni

Katika kurasa hizi twapenda kuwaeleza wanachama wetu habari za mwanamke Mwingereza ambaye hakukanyaga Kisii wala hakujua kuwa kuna mahali paitwapo Tabaka. Tumemchagua kwa sababu moja. Kazi ya kuwaomba wahisani fedha kwa ajili ya watoto, kuwaandikia barua, kuwapelekea hesabu, na kuwaridhisha bila kuwanyenyekea, ndiyo inayozungumzwa sana katika mikutano ya halmashauri zetu. Na kazi hiyo, kwa namna inavyofanywa siku hizi, sehemu kubwa ilianzwa na yeye.

Eglantyne Jebb alizaliwa tarehe 25 Agosti 1876 huko Ellesmere, katika jimbo la Shropshire, nyumbani mwa watu wenye ardhi na vitabu. Mama yake, ambaye naye aliitwa Eglantyne, aliwaona vijana wa mashambani wanakaa bure bila ya ujuzi wa kuwaongezea pato, akaanzisha mwaka 1884 chama cha kuwafundisha kazi za mikono kama vile kuchonga mbao na kusuka. Sisi wa Tabaka, ambako nyumba nyingi zaishi kwa mawe laini ya sabuni, wengine wakichonga na wengine wakilainisha kwa msasa na maji, hatuhitaji kuelezwa faida ya jambo hilo. Binti alikua akijua kwamba maskini hasaidiwi kwa kupewa tu, bali kwa kupata kitu cha kuuza.

Mwaka 1895 aliingia chuo cha wanawake cha Lady Margaret Hall, Oxford, akasoma historia. Baadaye akawa mwalimu wa shule ya watoto wa wafanyakazi katika mji wa Marlborough. Hakudumu. Kazi ilimlemea, afya yake haikuwa nzuri, na tena hakuona raha kukaa na watoto darasani mchana kutwa. Msomaji asistaajabu. Wako watu wanaowapenda watoto sana wasiweze kuwaletea hata kibaba cha unga, na yuko huyu ambaye hakuwa mlezi wala hakuzaa, lakini mamia ya maelfu ya watoto walikula kwa ajili yake.

Alipohamia Cambridge aliingia katika chama cha kupanga misaada ya maskini. Humo alijifunza jambo ambalo vyama vingi hujifunza wakati umekwisha kupita, nalo ni kuhesabu kabla ya kugawa. Alichunguza hali za maskini wa mji ule, nyumba zao, kazi zao na vyama vilivyowasaidia, akatoa kitabu juu ya habari hizo mwaka 1906. Tangu hapo hakuweza kuvumilia msaada utolewao kwa huruma tupu, bila kujua nani amepata na nani amekosa.

Mwaka 1913, baada ya vita vya Balkani, alitumwa Makedonia kupeleka fedha za mfuko wa wakimbizi. Aliwaona watu waliofukuzwa makwao wakifa kwa njaa na maradhi. Aliporudi Uingereza alizunguka akihutubia na kuomba michango, akaona jinsi moyo wa mtu unavyochoka upesi kwa habari za taabu ya mbali.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Mdogo wake, Dorothy Buxton, alikuwa akikusanya magazeti ya nchi za kigeni, hata za adui, na kutangaza tafsiri zake katika gazeti la Cambridge Magazine, naye Eglantyne akamsaidia. Katika kurasa hizo waliyasoma mambo ambayo raia wengi wa Uingereza hawakuambiwa. Mapigano yalikoma tarehe 11 Novemba 1918, lakini manowari za washindi ziliendelea kuzuia vyakula visiingie Ujerumani na Austria mpaka mkataba wa amani utiwe sahihi. Katika mji wa Vienna watoto walikuwa wakikonda na mifupa yao ikipinda kwa kukosa maziwa na mafuta.

Mapema mwaka 1919 ndugu hawa wawili na wenzao waliunda baraza la kupigana na njaa, shabaha yake kuitaka serikali iondoe kizuizi kile. Eglantyne alisimama katika uwanja wa Trafalgar, London, akigawa karatasi zenye picha ya mtoto wa Austria aliyedhoofika kwa njaa. Karatasi zile hazikupitishwa na wakaguzi wa serikali kama sheria ya wakati wa vita ilivyoamuru, kwa hiyo akakamatwa, na mwezi wa Mei akasimama mbele ya hakimu. Alijitetea mwenyewe. Alipatikana na hatia, akatozwa faini ya pauni 5. Yasimuliwa kwamba mwendesha mashtaka wa serikali, Sir Archibald Bodkin, baada ya hukumu alimwendea akampa pauni 5 zake mwenyewe, na fedha hizo zikawa mchango wa kwanza wa mfuko mpya.

Siku chache baadaye, tarehe 19 Mei 1919, mkutano mkubwa ulifanywa katika jumba la Royal Albert Hall. Yasemekana wako waliokuja na matofaa mabovu mifukoni ili wawatupie wanawake wawaombeao watoto wa adui. Eglantyne alipoanza kusema sauti yake ilikuwa dhaifu, kisha ikapata nguvu. Watu wakasikiliza, matofaa yakabaki mifukoni, na michango ikatolewa. Ndivyo ulivyozaliwa Save the Children Fund, yaani Mfuko wa Kuokoa Watoto.

Tangu hapo twaona akili yake katika kuwatafuta wahisani. Hakujifungia kwa watu wa kanisa lake wala wa tabaka lake. Yeye alikuwa Mwanglikana, lakini alipeleka ombi lake hadi Roma; na Papa Benedikto wa 15 aliyaagiza makanisa Katoliki ulimwenguni kote yakusanye sadaka kwa ajili ya watoto wenye njaa tarehe 28 Desemba 1919, sikukuu ya Watoto Mashahidi. Mwaka uliofuata, katika waraka mwingine, Papa aliutaja Mfuko huu kwa jina. Robert Smillie, kiongozi wa wachimba makaa ya mawe, alileta pauni 10,000 za chama chake. Fikirini, wanachama: fedha za watu washikao sururu chini ya ardhi, na sadaka ya Papa, zote katika kapu moja, na mwombaji mmoja aliyeweza kusema na pande zote mbili bila kubadili maneno yake.

Jambo lililoleta ubishi ni matangazo. Mfuko ulimwajiri Lewis Golden, mtu aliyezijua kazi za magazeti, na ukaanza kununua kurasa nzima katika magazeti makubwa ili kuchapa picha za watoto na maombi ya fedha. Wengi walichukizwa. Waliuliza kwa nini shilingi iliyotolewa kwa mtoto ilipwe kwa mwenye gazeti. Swali hilo si la kipumbavu, nasi hatumlaumu anayeuliza vivyo hivyo leo anapoona katika hesabu fungu la posta, la nauli na la uchapaji. Lakini jibu lilipatikana katika daftari: kila ukurasa ulileta fedha nyingi kuliko gharama yake, na kufikia Agosti 1921 Mfuko ulikuwa umekusanya zaidi ya pauni milioni moja. Gharama hufichwa na mtu asiyejua imezaa nini.

Njia nyingine ilikuwa ile ya kumfanya mhisani kuwa kama mzazi wa ubatizo. Mtu wa Uingereza alipewa jina la mtoto mmoja wa Vienna au mji mwingine, akatoa fedha kwa muda, na barua zikapita kati yao. Njia hii yenye nguvu imeenea ulimwenguni, na hapa Kenya yajulikana sana. Maoni yetu ni kwamba ina hatari yake pia: mtoto mwenye uso mzuri hupata mhisani upesi, na mwenzake hubaki akingoja, na mtoto aandikaye barua za shukrani kila mara huweza kujiona mdeni maisha yake yote. Lazima chama kisimame katikati, fedha ziwafikie wote walio katika haja sawa, na mhisani aelezwe hivyo waziwazi tangu mwanzo.

Tarehe 6 Januari 1920 Eglantyne aliunda huko Geneva muungano wa kimataifa wa vyama vya kuokoa watoto, Waswidi wakiwa miongoni mwa wa kwanza kuitikia. Hakutaka London iwe bwana na nchi nyingine ziwe wapokeaji. Alisisitiza kwamba mahali penye watu wenyeji wawezao kugawa msaada, wao ndio waugawe, na kwamba nchi ipokeayo leo yaweza kutoa kesho.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 1921, njaa ilipoingia Urusi katika nchi za mto Volga. Serikali ya huko ilikuwa ya Wabolsheviki, na watu wengi wa Uingereza waliichukia. Gazeti la Daily Express liliandika kupinga, likitia shaka juu ya njaa yenyewe na juu ya fedha. Mfuko haukujibu kwa matusi. Ulimtuma mpiga picha akapiga sinema ya njaa ile, na sinema ikaonyeshwa katika kumbi za Uingereza. Kila mtu akaona kwa macho yake. Mwezi Septemba 1921 meli iitwayo Torcello iliondoka London ikiwa na tani 600 za vyakula na vifaa, na katika jimbo la Saratov watoto wapatao 300,000 walilishwa.

Hata hivyo lawama moja haikukoma. Wakati ule Uingereza yenyewe ilikuwa na watu wengi wasio na kazi, na watu waliuliza kwa nini mkate upelekwe ng'ambo na watoto wa nyumbani wana njaa. Mfuko ulitenga sehemu ya fedha kwa watoto wa Uingereza, lakini haukukubali kwamba mpaka wa nchi ndio upimao njaa ya mtoto. Twaliandika jambo hili kwa kuwa hata kwetu husikika mtu akiuliza kwa nini mtoto wa upande wa pili wa mto aandikwe katika daftari letu.

Kuna jambo ambalo Eglantyne alilipa kwa uchungu. Dorothy aliona kwamba kulisha watoto bila kupinga siasa zilizowaletea njaa ni kufuta maji na bomba li wazi. Eglantyne hakumkana, lakini alijua kwamba mara Mfuko ukionekana kuwa wa chama fulani cha siasa, nusu ya wahisani wataondoka na watoto watakufa. Basi Mfuko ukashika njia ya kusaidia tu, na Dorothy akarudi katika kazi ya siasa. Nani alikuwa na haki? Sisi twaona kwamba Dorothy aliitambua sababu ya njaa sawasawa, na Eglantyne aliijua saa. Mtoto mwenye njaa hawezi kungoja serikali ibadilike.

Lakini naye hakutosheka na chakula. Kufikia mwaka 1923, michango ilipokuwa ikipungua kwa sababu vita vilianza kusahauliwa, aliandika tangazo fupi la haki za mtoto lenye vifungu vitano. Lilisema kwamba mtoto apewe njia za kukua kimwili na kiroho. Kwamba mwenye njaa alishwe, mgonjwa auguzwe, aliyepotoka arejeshwe na yatima apewe makao. Kwamba wakati wa maafa mtoto awe wa kwanza kusaidiwa. Kwamba awezeshwe kujipatia riziki na kulindwa asinyonywe. Na kwamba alelewe akijua kuwa vipaji vyake ni vya kuwatumikia wenziwe. Tarehe 26 Septemba 1924 Shirika la Mataifa lililikubali tangazo hilo. Hapo mtoto aliacha kuwa mwombaji mbele ya mwenye huruma, akawa mwenye haki mbele ya watu wazima. Umoja wa Mataifa ulitoa tangazo refu zaidi mwaka 1959, kisha Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990.

Ugonjwa wa tezi la shingo ulikuwa ukimtesa kwa miaka mingi. Alifariki Geneva tarehe 17 Desemba 1928, umri wake miaka 52, akazikwa huko. Mwaka 2024, tangazo lake lilipotimiza miaka 100, mji wa Geneva uliyahamisha mabaki yake hadi makaburi yake ya heshima yaitwayo Cimetière des Rois.

Kazi yake ilifika Afrika bila yeye. Mwezi Juni 1931 muungano wake uliitisha Geneva mkutano juu ya watoto wa Afrika. Wengi waliohudhuria walikuwa wamisionari na maofisa wa makoloni. Waafrika walikuwa wachache mno, na mmoja wao alikuwa kijana wa Kikuyu, Johnstone Kenyatta, ambaye baadaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Jomo. Mwaka 1959 Geoffrey Griffin, pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, walifungua Nairobi makao ya wavulana wasio na kwao, katika vibanda viwili vya mabati vilivyotolewa na kampuni za mafuta. Wakayaita Starehe. Katika miaka ya mwanzo, miongoni mwa waliowapa fedha za kuwalisha na kuwasomesha wavulana hao, ulikuwamo Mfuko ule ulioanza kwa pauni 5 za mwendesha mashtaka.