Paul Robeson: Kutoka Uwanjani hadi Jukwaani

Paul Leroy Robeson alizaliwa tarehe 9 Aprili, 1898 mjini Princeton, jimbo la New Jersey, Marekani. Babake, mchungaji William Drew Robeson, alizaliwa utumwani akatoroka angali kijana. Mamake alifariki kutokana na ajali ya moto Paul akiwa na umri wa miaka mitano tu.

Mnamo mwaka wa 1915 alipata ufadhili wa masomo katika Chuo cha Rutgers. Alipojitokeza kwa mazoezi ya kandanda ya Kimarekani, ule mchezo wa mpira wenye umbo la yai, wachezaji weupe walimvamia, wakamvunja pua na kumtegua bega. Akiwa kitandani akiuguza majeraha, alifikiria kuuacha mchezo huo; lakini babake alikuwa amemlea akijua kwamba aendapo mahali kama hapo haendi peke yake, bali huwawakilisha wote watakaomfuata. Alirejea uwanjani. Katika miaka ya 1917 na 1918 aliteuliwa miongoni mwa wachezaji bora wa vyuo vya Marekani nzima, na alipohitimu mwaka wa 1919 ndiye aliyewahutubia wenzake kwa niaba ya mahafali.

Alipokuwa akisomea sheria katika Chuo Kikuu cha Columbia, Robeson alicheza kandanda ya kulipwa katika timu za Akron mwaka wa 1921 na Milwaukee mwaka wa 1922. Mchezo ulimsaidia kujikimu, lakini hakuutazamia kuwa kazi ya maisha. Baada ya msimu wa 1922 aliuaga, na mwaka uliofuata akahitimu. Hata hivyo, sheria nayo haikumpokea. Katika ofisi ya mawakili alikoajiriwa, katibu mweupe alikataa kuandika maneno aliyomsomea kwa kuwa yeye ni mweusi. Robeson alitoka, na hakurudi tena katika kazi hiyo.

Hapo ndipo sanaa, aliyokuwa ameionja tu akiwa mwanafunzi, ilipogeuka kuwa wito. Mkewe Eslanda alimhimiza ashike njia hiyo. Mwaka wa 1924 aliigiza katika tamthilia mbili za Eugene O'Neill. Tarehe 19 Aprili, 1925, akifuatana na mpiga piano Lawrence Brown, aliimba mjini New York tamasha zima la nyimbo za watu weusi, zikiwemo zile za kiroho walizozitunga watumwa. Mwaka wa 1930 aliigiza Othello jijini London.

London ilimpa pia kiu ya kuijua Afrika. Mwaka wa 1934 alijiunga na chuo cha taaluma za Mashariki jijini humo, akasoma lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwemo. Mwaka wa 1935 alionekana katika filamu ya Sanders of the River, ambamo Jomo Kenyatta, aliyekuwa akiishi London, alishiriki kama mwigizaji mdogo. Filamu ilipokamilika, Robeson alitambua kuwa ilitukuza ukoloni, naye akaikana hadharani. Tangu hapo hakuitenganisha sauti yake na haki za wanyonge.

Msimamo huo ulimgharimu. Mwaka wa 1950 serikali ya Marekani ilimnyang'anya pasipoti, na kumbi zikamfungia milango. Hata kandanda ilimsahau: jina lake liliachwa katika orodha ya wachezaji bora wa 1918. Hata hivyo, mwaka wa 1957 aliwaimbia wachimba migodi wa Wales kwa njia ya simu, bahari ikiwa kati yao. Pasipoti ilirejeshwa mwaka wa 1958.

Robeson alifariki mjini Philadelphia tarehe 23 Januari, 1976. Jina lake liliingizwa katika ukumbi wa magwiji wa kandanda ya vyuo mwaka wa 1995, miaka 19 baada ya kifo chake. Uwanja ulichelewa kumkumbuka. Wale aliowaimbia hawakuwa wamemsahau.