Denis Burkitt na saratani ya taya kwa watoto wa Kanda ya Ziwa

Huku kwetu Mwanza shavu la mtoto likivimba, wengi tunawaza jino. Mara nyingi huwa ni jino kweli. Lakini mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliitwa na mwenzake Hugh Trowell amwone mtoto wa kiume wa miaka mitano. Taya zake zilikuwa zimevimba pande zote nne, juu na chini, na meno yamelegea. Jipu la jino halifanyi hivyo. Wiki chache baadaye, huko Jinja, Burkitt akamwona mtoto wa kike mwenye uvimbe uleule, naye alikuwa nao hadi tumboni.

Burkitt alizaliwa Enniskillen, Ireland, mwaka 1911. Akiwa na miaka 11 alipoteza jicho moja kwa kupigwa jiwe. Alifika Uganda mwaka 1946, akaanzia Lira.

Kilichomsumbua ni kwamba ugonjwa ulikuwa mwingi sehemu fulani na haupo kabisa sehemu nyingine. Kwa ruzuku ndogo ya pauni 25 alituma maswali na picha katika hospitali nyingi za Afrika. Mwishoni mwa 1961 yeye na madaktari Ted Williams na Cliff Nelson walipanda gari kuukuu, wakaenda hadi Afrika Kusini na kurudi, kilomita zipatazo 16,000, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Jirani na ikweta, ugonjwa ulikoma kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi. Mwanza iko kwenye mita 1,140, kwa hiyo imo ndani ya ukanda huo.

Ramani yake ilifanana na ile ya malaria. Mwaka 1964, watafiti wa London wakagundua virusi vya Epstein-Barr kwenye vipande vya uvimbe vilivyosafirishwa kwa ndege kutoka Uganda. Karibu sote tunavyo virusi hivi bila madhara; hatari huja pale malaria ya mara kwa mara inapodhoofisha kinga ya mtoto mdogo. Kwa hiyo hii si kama saratani ya mapafu, ambayo kwa kiasi kikubwa hutokana na sigara. Ni saratani ya chembe nyeupe za damu, na ipo pia aina inayoandamana na VVU.

Burkitt, ingawa alikuwa mtu wa kisu, aliona kwamba kukata taya hakusaidii. Akageukia dawa, na baadhi ya watoto walipona kwa dozi chache tu. Alifariki mwaka 1993.

Siku hizi watoto wa Kanda ya Ziwa hutibiwa saratani Bugando. Wengi huchelewa kufika, baada ya kung'olewa meno au kuzungushwa kwa waganga. Uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili.