Hevesy, Mzee wa Alama

Ndugu zangu, miezi mitatu sasa jaribio langu la maabara limegoma, ndiyo maana namkumbuka George de Hevesy, mzaliwa wa Budapest, 1885. Akiwa Manchester, Rutherford alimwagiza atenganishe radiamu-D na madini ya risasi. Alihangaika weee, ikashindikana. Ndipo akageuza kibao: kama havitengani, basi hiyo yenye mionzi iwe alama, risasi iendako, kipimo kitaiona. Mwaka 1923 akaifuatilia ndani ya mmea wa maharage, na 1935 fosforasi mwilini mwa panya. Nobeli akapewa ya mwaka 1943. Kwa njia hiyo hiyo, mwaka 1952, Hershey na Chase walitia DNA ya virusi alama ya fosforasi, protini ya salfa, wakaona DNA ndiyo inayoingia kwenye bakteria. Mzee alikuwa bado hai, alifariki 1966.